Ulimi Uliogeuzwa

Taarifa ilikuwa imeshaandikwa kabla Inspekta hajafika, na hilo ndilo lililomuudhi. Mkurugenzi wa kituo cha vipimo vya wanamichezo alimpokea mlangoni akiwa ameishika mkononi, imechapwa vizuri, imebanwa pini, na chini kabisa pameachwa nafasi ya sahihi ya Inspekta mwenyewe. Kwa ufupi ilisema hivi: mkimbiaji ameanguka juu ya mashine kwa sababu barakoa yake ya kupimia pumzi ilifungwa vibaya, aliyeifunga ni fundi, fundi ni mzembe, kituo kinasikitika.

"Umenirahisishia kazi," Inspekta alisema.

"Tunajitahidi kutoa ushirikiano."

"Mimi kazi ikiwa rahisi mno huwa nawashwa. Tuingie ndani."

Mkurugenzi alicheka kidogo, kwa kuwa hakujua kama ni utani. Koplo, aliyekuwa nyuma na mkoba wa vielelezo begani, alijua kuwa si utani hata chembe. Alikuwa amefanya kazi na mama huyu muda wa kutosha kufahamu kwamba akianza kuwashwa, chakula cha mchana kimeshaota mbawa.

Chumba cha vipimo kilikuwa cheupe na baridi. Katikati ilikaa mashine ya kukimbilia, ya zile ambazo mkanda wake huzunguka na mtu hukimbia asiende popote, na unaweza kuiinua mbele ikawa kilima. Ilielekea ukutani. Nyuma yake, upande wa kushoto, kulikuwa na meza yenye skrini, sanduku la kupimia hewa, na vitufe vya kuongeza na kupunguza mwendo. Inspekta alipanda juu ya mkanda uliozimwa, akashika vyuma vya pembeni, akatazama mbele. Akaona ukuta. Aligeuza shingo kutafuta meza, na ilimbidi ageuze na kiuno ndipo aione.

"Anayekimbia hamuoni anayeendesha," alisema.

"Hana haja ya kumuona. Yeye anakimbia tu."

Hapo ndipo jana asubuhi binti mmoja alipoanguka. Kambini walimwita Tiara, kwa wepesi wake. Alikuja kupimwa pumzi kabla ya mchujo wa timu: unakimbia, mashine inaongezwa hatua kwa hatua, hadi mwili wenyewe useme basi. Alijigonga kichwa kwenye chuma, moyo ukasimama, wakauamsha kwa mikono hapo hapo sakafuni. Sasa alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, hajafungua macho, mashine nyingine ikimpumulia. Na fundi wa vipimo alikuwa ameketi ndani ya gari la polisi huko nje. Inspekta akitia sahihi, mwanamke huyo angelala mahabusu jioni hiyo hiyo, na kama binti angekufa, kesi ingekuwa ya mauaji. Sahihi moja tu, na peni ya kutilia Mkurugenzi alikuwa ameshaitoa mfukoni.

Inspekta hakuipokea. Aliiomba barakoa.

Koplo aliitoa kwenye mfuko wa vielelezo. Ilikuwa ya mpira laini, ya kufunika pua na mdomo, na mikanda ya kufungia kisogoni.

"Tazama hapa mbele," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya mwalimu, akasogea. "Kipira hiki chembamba sisi tunakiita ulimi. Ukitoa pumzi, ulimi unainuka, hewa inapita, inazungusha kifeni hiki kidogo, na kifeni kinahesabu hewa uliyoitoa. Ukivuta, ulimi unalala na kuziba, na hewa safi inaingilia pembeni. Njia ya kuingia mbali, ya kutoka mbali."

"Na ulimi huu?"

"Umegeuzwa. Upande wa ndani umekuwa nje. Ukitoa pumzi unaziba badala ya kufunguka. Binti wa watu alifungiwa pumzi zake mwenyewe."

"Nani aliliona hilo?"

"Mjomba wake, ambaye ndiye kocha wake. Katika purukushani ile yeye ndiye aliyeiokota barakoa sakafuni akaona ulimi umekaa kombo. Mtu mwenye jicho."

"Mpwa wake yuko chini, moyo umesimama, na yeye anakagua kipira," Inspekta alisema. "Ana jicho kweli. Koplo, niletee fundi."

Fundi aliingia akiwa amesimama wima, mwanamke mrefu mwenye miwani, na jambo la kwanza alilofanya ni kumgombeza Koplo, aliyekuwa ameanza kuzungusha kifeni cha akiba kwa kidole.

"Usiguse hapo. Ukikiachia mafuta ya kidole, kesho kitanidanganya."

Koplo alirudisha mkono mfukoni. Mkurugenzi alitikisa kichwa, kama kusema mnaona wenyewe mdomo wake. Lakini Inspekta alivutiwa. Mtu anayekwenda mahabusu jioni ana mengi ya kuyalilia, na huyu bado alikuwa anakilinda kifeni.

"Nieleze asubuhi yako ya jana. Usiruke kitu."

"Nilivitoa vifaa kwenye kamba ya kukaushia. Nikavifunga. Nikachukua bomba hili." Aliinua bomba nene la plastiki lenye mpini, mfano wa pampu ya baiskeli. "Linaingia lita tatu kamili za hewa. Nalisukuma kwenye kifeni. Kikisema tatu, nakiamini. Kikisema vingine, tunagombana mpaka kikiri. Halafu nikaonja."

"Ukaonja nini?"

"Barakoa. Naivaa mimi mwenyewe kwanza, navuta, natoa, navuta, natoa. Kisha naifuta kwa dawa. Mpishi hapeleki mchuzi mezani bila kuuonja, na mimi simvishi mtoto wa mtu kitu ambacho sijakionja."

"Hiyo haimo kwenye taratibu zetu," Mkurugenzi alisema.

"Najua haimo. Mara ngapi nimekwambia haimo?"

"Jana ulionja?" Inspekta aliuliza.

"Nilionja. Ulimi ulikuwa sawa."

"Na baada ya hapo ulikuwa humu chumbani tangu mwanzo hadi mwisho?"

Fundi alimtazama Mkurugenzi, kisha akatazama viatu vyake. "Nilikuwapo," alisema, na sauti iliyokuwa ikimgombeza Koplo sasa hivi haikuonekana ilikokwenda.

Inspekta aliliacha jibu hilo lipite, kama muuzaji anavyomwacha mteja apite akijua atarudi. "Koplo, vua koti."

"Afande, mimi nimekunywa chai nzito sasa hivi."

"Ndiyo vizuri, una nguvu. Fundi, chukua barakoa nyingine, mfungie vile vile kama hii ya kwenye mfuko. Ulimi umegeuzwa, kila kitu kama kilivyo."

Fundi alifanya hivyo kwa vidole visivyokosea, ingawa uso ulionyesha kwamba kufunga kitu vibaya kwa makusudi kunamuuma. Aliunganisha kifeni kwenye waya, skrini ikawaka. Koplo alifungwa barakoa, akawekwa juu ya mkanda uliozimwa, akaambiwa apumue tu. Alivuta pumzi ya kwanza vizuri, kifua kikajaa. Kisha akataka kuitoa.

Macho yalimtoka. Mashavu yalivimba, barakoa ikainuka usoni, mikono ikaruka yenyewe kisogoni kutafuta mikanda. Aliinyofoa na kukohoa, akaegemea chuma.

"Mama yangu," alisema alipoweza kusema. "Hakuna pa kuitolea. Inaingia, halafu imefungiwa ndani."

"Ungeweza kukimbia nayo?"

"Afande, nisingeweza hata kusimama nayo."

Inspekta alielekeza kidole kwenye skrini. Mstari wa pumzi za Koplo ulikuwa umelala chali, haukuinuka hata kidogo, kifeni hakikuzunguka. "Mkurugenzi, binti alifika hatua gani kabla ya kuanguka?"

"Ya nne."

"Ya nne maana yake nini kwa mtu kama mimi ambaye kukimbia aliacha shuleni?"

"Ni kilima kikali, na mwendo mkubwa."

"Nifungulie vipimo vyake."

Mkurugenzi alibonyeza, akabonyeza tena. Mistari ya Tiara ilijitokeza ikipanda, pumzi juu ya pumzi, kila moja nene kuliko iliyotangulia, hadi pale ilipokatika. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kifeni kilikuwa kimezihesabu zote, na kifeni hakihesabu hewa isiyopita.

"Pumzi zake zilikuwa zinatoka," Inspekta alisema. "Ulimi ulikuwa sawa alipovishwa, ulikuwa sawa alipokuwa anapanda kilima chenu, na ulikuwa sawa alipoanguka. Umegeuzwa akiwa amelala sakafuni. Kuna mtu ameugeuza."

Mkurugenzi aliirudisha peni mfukoni taratibu. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. Alionekana kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani, lakini Inspekta alikuwa hajamalizana naye.

"Wewe haya yote uliyajua. Ndiyo kazi yako. Ungeyasema jana kwa maneno mawili ukaenda zako nyumbani. Badala yake umenyamaza mpaka umekalia kiti cha gari langu. Kwa nini?"

Fundi alianza kukunja waya wa kifeni.

"Basi nikujibie. Ukisema barakoa ilikuwa nzima, swali linalofuata ni kwa nini mashine haikusimamishwa binti alipozidiwa. Na swali hilo ndilo unalolikimbia."

"Sikuwapo," Fundi alisema. Machozi yalimtoka pasipo kelele, akayaacha yatoke. "Nilitoka. Mtu yuko juu ya mashine yangu na mimi nikatoka. Miaka yote nawaambia wanafunzi ukimwacha mtu juu ya mkanda umemwacha barabarani, halafu mimi mwenyewe nikatoka."

"Kwenda wapi?"

Mkurugenzi akakohoa. "Nilimwita mimi. Kulikuwa na wageni, na ufunguo wa ukumbi anao yeye. Nilimpigia simu aje haraka."

"Taarifa yako imelisahau hilo."

"Niliona halihusiani."

"Ndiyo," Inspekta alisema. "Nimeona ulivyoona." Alimgeukia fundi. "Ulimwacha na nani?"

"Na mjomba wake. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia, ametoka kuongea na simu yake. Nikamwambia, mtazame, usiguse kitu, narudi sasa hivi. Niliporudi nilimkuta binti yuko chini, mjomba anapiga mayowe. Nikamvua barakoa, nikaitupa, nikaanza kuubonyeza moyo. Sikumwangalia mtu mwingine."

"Yeye ameandika kwamba alikuwa kwenye korido mpaka aliposikia kishindo."

"Basi ni neno lake na langu. Na mimi ndiye niliyekwisha kusema uongo."

"Hapo umesema kweli," Inspekta alisema. "Kaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo hapo pembeni, mlango uwe wazi. Nikikuita, njoo."

Mjomba wa Tiara alikuwa chumba cha kusubiria, na nguo za jana mwilini na filimbi bado shingoni. Alikuwa ametoka hospitali, na alitaka kurudi hospitali. Inspekta alimleta kwenye chumba cha vipimo, akamvutia kiti karibu na meza, yeye mwenyewe akaegemea mashine ya kukimbilia. Mtu asiyewajua angedhani ni majirani waliokutana msibani.

"Pole na mgonjwa, kaka."

"Tumeshapoa, mama. Ni kumwachia Mungu."

"Ulikuwa nje alipoanguka."

"Kwenye korido, naongea na simu. Nimeshaandika. Na mliyemkamata mmeshamkamata, sijui naulizwa nini tena. Mimi nina mtoto hospitali."

"Sikuulizi kuhusu kuanguka. Nataka kumjua binti mwenyewe. Nimesoma taarifa nzima ya Mkurugenzi, humo mna barakoa, mna vipira, mna nyaya. Mtu simuoni."

Mjomba aliinua macho. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo tangu jana. Polisi walimuuliza alisimama wapi, madaktari walimuuliza binti ana maradhi gani. Huyu mama alikuwa anauliza habari za mwanawe.

"Ni wa dada yangu," alisema. "Dada alipofariki aliniachia huyo. Alikuwa mdogo, miguu kama vijiti. Nikimtuma dukani, kabla sijafunga mdomo ameshageuka. Nikasema huyu si wa kutumwa dukani, huyu ni wa kukimbia."

"Ndipo ukawa kocha."

"Nikajifunza kwa ajili yake. Watu walicheka, wakasema mjomba amepata punda wake. Leo hawacheki. Alfajiri yeye yuko mbele barabarani, mimi niko nyuma na baiskeli. Upepo unavuma, magari yanapita, hatusikilizani. Basi tunaongea kwa mikono. Akiinua dole gumba, yuko sawa. Akifunga ngumi, anataka maji. Akiinua vidole vyote, anataka tano."

"Tano nini?"

"Tano zaidi. Dakika tano, mizunguko mitano, chochote tulicho nacho siku hiyo. Wenzake wote wananionyesha ngumi, yeye ananionyesha tano." Alikuwa anatabasamu sasa, na tabasamu lilimfanya aonekane mchovu zaidi. "Huyo mtoto kuchoka hakujui, mama. Hata jana, kilima kile, jasho linamchuruzika, bado anaomba tano."

Koplo aliacha kuandika.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na Mjomba alikuwa amejikwaa bila hata kusikia maumivu. Bado alikuwa anatabasamu. Inspekta hakusogea alipoegemea.

"Jana aliomba tano," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Nani alikwambia?"

Tabasamu lilibaki peke yake usoni kidogo, kisha likaondoka. "Nani aliniambia nini?"

"Kwamba aliomba tano. Wewe ulikuwa kwenye korido."

"Fundi. Fundi aliniambia."

"Mimi sijasema hivyo," sauti ilitoka chumba cha kubadilishia nguo. Fundi alikuwa amesimama kizingitini. "Wala hiyo tano yenu ndiyo naisikia leo."

"Binti alikuwa na barakoa usoni," Inspekta aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Hakuweza kusema neno. Ili ujue ameomba tano, ilibidi uuone mkono wake. Ukuta huu hauna dirisha. Mlango huu hujifunga wenyewe. Hauonekani mkono huo ila na mtu aliye humu ndani, hapo hapo ulipokaa wewe."

Mjomba aliitazama meza iliyokuwa kando yake, vile vitufe, kama ndiyo kwanza anagundua amekalishwa karibu navyo. "Niliingia kidogo. Nilichungulia tu."

"Sawa. Ulichungulia." Inspekta alisimama wima. "Fundi, njoo. Panda hapa. Simama kama anavyosimama mkimbiaji."

Fundi alipanda juu ya mkanda uliozimwa, akaelekea ukutani, mgongo kwa wote.

"Kabla hujamvisha mtu barakoa, unamfundisha nini?"

"Ishara. Kwa sababu akishavaa hawezi kusema."

"Nionyeshe ya kuendelea."

Aliinua dole gumba.

"Nionyeshe ya kusimama."

Fundi aliinua mkono juu ya kichwa, kiganja wazi, vidole vyote vitano vimetanuliwa, kama askari wa barabarani anayezuia magari.

Sanduku la kupimia hewa lilikuwa likinguruma chini kwa chini. Mjomba alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, akiutazama mkono ule ulioinuliwa.

"Hiyo ni tano," alisema.

"Hiyo ni simama," Fundi alisema bila kugeuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kwa upole. "Nilimfundisha jana kabla ya kuanza, akairudia mbele yangu. Wewe ulikuwa nje, na simu."

"Lakini ananijua. Anajua mimi nikiona hiyo…"

"Alikuwa anatazama ukuta. Hakujua kwamba nimetoka. Alidhani anaongea na mimi."

Mjomba alikaa. Alikaa vibaya, kiti kikakwaruza sakafu, na Koplo alisogea maana alidhani anaanguka. Alifunika uso kwa viganja, kisha akaviondoa haraka, akavitazama, kana kwamba hata vyake vilikuwa vinamwambia kitu.

"Nilimwongezea," alisema. "Aliinua mkono, nikamwongezea. Akauinua tena, juu zaidi, anautikisa. Nikacheka, mama. Nikasema huyo ndiye mwanangu. Nikamwongezea tena."

Kazi ya Inspekta ilikuwa bado haijaisha, na alichukia kwamba bado haijaisha, lakini aliuliza. "Na ulimi?"

"Moyo ulipoamka, Fundi na wengine walitoka mbio kulifungulia geti gari la wagonjwa. Nilibaki naye. Barakoa ilikuwa pale chini. Fundi alishawahi kutuonyesha, siku tulipokuja kuangalia vifaa, akasema kipira hiki kikikaa kombo mtu hapumui. Nikakigeuza." Alimtazama fundi mgongoni. "Sikukuchukia, dada. Wallahi sikukuchukia. Nilifikiri nimemuua, na sikuweza kuwa mimi niliyemuua. Ningekwenda kumwambia nini marehemu dada yangu?"

Fundi alishuka kwenye mkanda. Alikuwa na haki ya kumtukana, na kila aliyekuwamo angemwelewa. Alikwenda kuzima sanduku la kupimia hewa, akabaki amelishika.

"Na mimi nilitoka," alisema. "Ningekuwapo, nisingeongeza."

"Kila mtu abebe lake," Inspekta alisema. "La kutoka ni lako, utalijibu kwa mwajiri wako, na Mkurugenzi aliyekuita atalijibu pamoja nawe. La ulimi si lako. Kachukue mkoba wako kwenye gari, uende nyumbani." Aliichukua taarifa iliyochapwa vizuri mezani, akamrudishia Mkurugenzi haijaguswa na wino. "Hii niandikie upya. Safari hii na wewe uwemo."

Mkurugenzi aliipokea kwa mikono miwili.

Koplo alikuwa anamwinua Mjomba kwa kumshika kiwiko, taratibu, si kwa kumkamata bali kwa kumsaidia, ndipo simu ya Inspekta ilipolia. Alitazama namba, akaipokea hapo hapo, akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie.

Ilikuwa hospitali. Muuguzi wa chumba cha mahututi alizungumza harakaharaka.

"Afande, uliagiza ujulishwe. Binti amefungua macho."

Mjomba alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Anaelewa?" Inspekta aliuliza.

"Tunaona anaelewa, anafuata kwa macho. Kusema hawezi, bomba la kupumulia liko kinywani. Ila kuna jambo. Anainua mkono. Kiganja wazi, hivi, juu. Tukiushusha anauinua tena, tukiushusha anauinua tena, na anahangaika. Wenzangu wanasema anasalimia."

Chumbani hakuna aliyemtazama mwenzake. Fundi aliziba mdomo kwa mkono.

"Hasalimii, dada," Inspekta alisema. "Msogelee sikioni. Mwambie mashine imesimama."

"Mashine gani? Hii ya kupumulia hatuwezi kuisimamisha, afande, tutamuua."

"Hiyo msiiguse. Mwambie ya kukimbilia. Mwambie wamemuona, wameisimamisha, ameshashuka. Mwambie hivyo hivyo, na umwambie taratibu."

Walisikia simu ikiwekwa juu ya kitu cha chuma. Walisikia viatu vikienda, na kule mbali mlio wa mashine inayovuta na kusukuma hewa, inavuta, inasukuma. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa karibu na simu, mkono wa Koplo ukiwa bado kwenye kiwiko chake. Viatu vikarudi.

"Afande."

"Nakusikia."

"Ameushusha mkono."